Chetezo Chini ya Mtego

Nikisikia redioni wakisifia mashine mpya za kuchunguza mbu, nazima redio. Wajukuu wangu wanasema nina kisirani. Wiki iliyopita walikuwa wanaeleza kwamba siku hizi kuna chombo kinachosikiliza mlio wa mbawa za mbu kikajua ni mbu wa aina gani, na kwamba kwa njia hiyo ugonjwa mpya utajulikana kabla haujampata mtu hata mmoja. Mtangazaji alifurahi mno, ungedhani anatangaza harusi ya mwanawe. Nikamuuliza kwa sauti, mimi peke yangu jikoni: utajulikana kwa nani? Alikuwa ameshahamia kwenye bei za korosho.

Sina ugomvi na chombo. Niseme hivyo mapema, nisije nikaambiwa ni bibi kizee anayeogopa mambo ya kisasa. Chombo cha kunasa mbu kilitundikwa uani kwetu Mikindani, miaka ya mwanzo ya sabini, mimi nikiwa msichana niliyekwisha kuposwa, na kilifanya kazi yake barabara. Waliokuwa nyuma ya chombo hicho ndio walionitia hasira ambayo mpaka leo haijapoa, wala siombi ipoe.

Kabla sijawaleta watu hao, lazima nieleze mikono ya mama, maana habari yote hii ni ya mikono hiyo. Baba alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo tulikula, tukavaa, na mimi nikasoma, kwa ukindu. Mama alikuwa akisuka mikeka. Ukindu ulikuja kwa mafungu kutoka upande wa Msimbati na kule Ruvuma inakomwaga maji yake baharini. Aliuchambua, akauchemsha na rangi, akauanika, kisha akaketi kwenye baraza ya uani akisuka huku anazungumza, ananigombeza, anaitikia salamu za watu wanaopita nyuma ya ua, na vidole vinakwenda vyenyewe. Sijawahi kumwona akiviangalia. Ule ukanda mrefu unaotoka, ambao sisi tunauita ukili, aliuviringisha kadiri ulivyokua, na ukifika kiasi alichotaka aliushona ukawa mkeka. Watu walitoka Mtwara mjini, wengine Lindi, kuja kuagiza kwake.

Mwaka ule alikuwa na kazi moja aliyoiweka mbele ya nyingine zote, nayo ni mkeka wangu wa harusi. Aliusuka kwa ukili mwembamba kupita kiasi, zambarau na kijani na rangi ya ukindu wenyewe, na aliwaambia wakwe zangu watarajiwa bila kupepesa macho kwamba mtoto hatoki nyumbani mpaka mkeka umekwisha. Wakacheka, wakakubali kungoja.

Kitu cha pili alichojulikana nacho ni udi. Aliuchanganya mwenyewe na hakumwambia mtu anatia nini, mimi mwenyewe alinificha mpaka nilipozaa. Kila alasiri baada ya sala alizungusha chetezo nyumba nzima, chini ya vitanda, nyuma ya milango, katikati ya kanga zilizokunjwa. Jua likikaribia kuzama aliongeza makumbi ya nazi juu ya makaa kule uani, moshi ukatanda kati ya mitungi. Hatukuuita dawa ya mbu. Kwetu ilikuwa ni heshima ya nyumba kunukia, na mgeni akiingia lazima afukizwe, hata akiwa amekuja kuuliza njia tu.

Mitungi nayo ilikuwa mingi, maana maji ya visima vyetu yana chumvi na chai yake haina raha. Mvua zikianza, kila nyumba ilipanga mitungi chini ya michirizi ya paa ikakinga maji ya kunywa. Sisi tulikuwa nayo mpaka inabanana, mingine mikubwa ya kutosha mtoto kujificha ndani. Mama aliisugua kwa zamu, na aliifunika kwa makawa aliyoyasuka mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Mbu. Jina tulimpa sisi, naye alilijua na hakulikataa. Alikuwa kijana mtu wa bara, mpole, suruali imepigwa pasi, anafika na Landrova ya ofisi iliyokuwa Mtwara mjini na kazi yake ni mbu tu. Alipiga hodi, akamwamkia mama kwa adabu, akaketi pale alipoonyeshwa, akaeleza shida yake bila kujikuza. Nasema hayo kwa haki. Hata sasa siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alitaka kutundika mtego uani kwetu. Alizunguka mji mzima, akasema, na hakuona ua wenye mitungi na kivuli kama wetu. Akautoa tuutazame. Lilikuwa bomba fupi jeusi, ndani yake feni ndogo, juu balbu ndogo, chini mfuko mweupe wa chandarua, na waya unaoshuka mpaka kwenye betri kama ya pikipiki. Mbu anafuata taa, feni inamvuta, anajikuta mfukoni. Wapo mbu wanaouma mchana, wale wenye madoa meupe miguuni, ambao taa hawaijali sana. Hao angewafuata mwenyewe nyuma ya mitungi wakati wa alasiri kwa kijirija cha kioo chenye mpira, akiwavuta kwa pumzi.

"Kwa mdomo?" mama akauliza.

"Kwa mdomo, mama. Kuna kitambaa hapa katikati, hawafiki."

"Na kitambaa kikitoboka?"

"Basi nitakuwa nimekula kitoweo cha kwetu kazini."

Mama akacheka mpaka akaacha kusuka, jambo lililokuwa nadra. Tangu siku hiyo alimpenda kama mwanawe.

Akatueleza na mengine. Mbu wale wangewekwa kwenye barafu, wakatenganishwa kwa aina, wakasafirishwa kwa ndege hadi maabara. Huko wangepondwa na maji yao kudungwa vichanga vya panya. Vichanga vikiugua, ina maana mbu wa mahali fulani wamebeba kijidudu, na hapo bado hakuna mtu aliyelala kitandani. Kuna magonjwa, akasema, hujitokeza ghafla, mengine hayana hata jina, na watu hushtuka wakati mji mzima umeshaanguka. Mtego ungetupa nafasi ya kujua mapema.

"Kwa hiyo panya wataugua kwanza badala yetu," mama akasema.

"Ndiyo hasa, mama."

Mama akarudia kusuka. Mimi nilijua anawaza nini. Kabla sijaanza shule nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, akapata homa asubuhi, na hakufika wiki. Hospitali walisema malaria, kisha wakasema si malaria, kisha hawakusema kitu. Mpaka anaingia kaburini, mama hakupata kujua mtoto wake aliuawa na nini. Sasa anakuja mtu kumwambia kuna chombo kinachoweza kujua kabla.

"Mkikuta kitu, nani ataambiwa?" akauliza.

"Nyinyi kwanza. Nitakuja mwenyewe nikwambie."

"Neno lako?"

"Neno langu, mama."

Msomaji, naomba ulishike neno hilo, maana mimi nimelishika miaka yote hii.

Mtego ukatundikwa kwenye msumari chini ya paa la uani, karibu na mitungi. Na hapa nitacheka kidogo kabla ya kukasirika tena, kwa sababu siku za mwanzo ule mtego haukunasa kitu. Bwana Mbu alifika asubuhi, akafungua mfuko, akakuta nondo mmoja na vumbi. Akabadilisha betri. Kesho yake hivyo hivyo. Akafungua feni, akaipuliza, akaifunga. Akausogeza mtego huku, akausogeza kule, akapanda juu ya kinu kuukagua. Majirani waliokuwa na mitego kama huo walijaza mifuko yao, na uani kwetu, penye mitungi kuliko kwa mtu yeyote, hakuna. Maskini alikaa akajishika kichwa.

Sababu ilikuwa mama. Mtego ulikuja na mgeni, basi mama akauhesabu kuwa mgeni. Kila alasiri aliufikia na chetezo, akakiinua chini ya ule mfuko, akaufukiza polepole pande zote kama anavyofukiza kanzu ya mtu anayekwenda kuoa. Kisha jioni makumbi. Bwana Mbu alifumania jambo hilo alipowahi kuja siku moja, akabaki mlangoni kinywa wazi.

"Mama! Unawafukuza!"

"Nawafukuza kina nani? Nakikaribisha chombo chako."

Alicheka hadi machozi, na sisi tukacheka, na mama akaona haya, akajifunika kanga usoni. Halafu Bwana Mbu akatoa ombi. Aliomba mama asifukize uani msimu ule wote wa mvua, udi wala makumbi. Mitungi nayo iachwe wazi kama ya watu wengine, isisuguliwe, isihamishwe, ili mbu waishi kama wanavyoishi, na ofisi ipate picha ya kweli. "Nyumba hii ndiyo jicho letu," akasema. Mama hakupenda. Nyumba yake isinukie? Watu watasema nini? Lakini alikumbuka yule mtoto, akakumbuka na lile neno alilopewa, akaenda kukiweka chetezo juu ya kabati na makawa akayapanga ukutani. Jirani zetu waliuliza kama udi umetuishia. Mama akajibu kwamba ameuazimisha kwa serikali.

Mifuko ikajaa. Bwana Mbu alikuja kila asubuhi anachekelea, na alasiri anakunja suruali hadi magotini, anaketi nyuma ya mitungi na kijirija chake, anangoja mbu watue kwenye miguu yake mwenyewe ndipo awavute. Mama alimpelekea chai huko huko. Sisi tuliokaa kwenye baraza tuliumwa vilevile, tukajikuna, tukavumilia, na mama alisuka huku anapiga vifundo vya miguu kwa kipande cha ukuti. Nikinung'unika aliniambia, "Vumilia, mwanangu. Tunawalindia watu watoto wao." Hayo ndiyo maneno yake, na hakuyasema kwa mzaha.

Mvua zilipokolea, siku moja Bwana Mbu alikuja amevaa soksi ndefu zilizopanda hadi chini ya magoti, na shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, katika joto lile la Mikindani lenye kukamua jasho. Mama alimtania, akamuuliza kama huko mjini kumeanguka theluji au amepata mchumba anayemwonea wivu. Hakucheka. Hakukunja suruali siku hiyo wala siku zilizofuata. Kijirija chake alikitumia akiwa amesimama, haraka haraka. Chai aliikataa, akasema ana kazi nyingi.

Lakini hakusahau kuuliza. "Mama, hujafukiza lakini?"

"Sijafukiza, mwanangu. Nilikuahidi."

"Ahsante, mama," akasema, akabeba mbu wake, akaondoka.

Mpaka leo nikilikumbuka lile "ahsante" nakasirika upya. Ahsante ya nini? Alisimama mbele ya mama yangu aliyekaa miguu wazi katikati ya mitungi iliyojaa viluwiluwi, naye amejifunga kama mtu aendaye kurina asali, akashukuru.

Mama alikuwa wa kwanza kuanguka. Alikuwa anasuka, asubuhi, akasema anasikia baridi. Alipotaka kuinuka hakuinuka. Homa ilimpanda kama moto wa makuti, akatoka vipele mwili mzima, na viungo vikamkamata, magoti, vifundo, viganja, hata kumgeuza kitandani alilia, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Jirani yetu mmoja, mama wa Kimakonde aliyezaliwa huko juu uwandani, alikuja kumtazama, akamshika kidole kimoja tu, mama akapiga ukelele.

"Hii si malaria," yule mama akasema. "Huyu ntu anakunjika. Sisi kwetu tunaijua, hata jina tumeipa sisi, ni chikungunya. Haiui upesi, lakini nkono huu utausikia mwaka mzima."

Kabla wiki haijatimia mtaa wetu wote ulikuwa chini. Misikiti ilikosa watu safu ya pili. Wavuvi walibebwa na wake zao. Nami niliugua, nikainuka baada ya siku kadhaa kwa kuwa nilikuwa kijana, nikaanza kumpikia mama uji na kumnywesha kwa kijiko.

Na Bwana Mbu? Alikuja. Usidhani hakuja. Alipiga hodi kila asubuhi, akafungua mfuko, akachukua mbu wake, akasimama mlangoni pa chumba cha mama akampa pole. Siku moja alikuja na sindano, akaomba damu yake, mama akanyoosha mkono uliokuwa hauwezi kunyooka. Alipomaliza, mama akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, bado panya hawajaugua?"

Akasema, "Bado tunasubiri majibu, mama." Akasema hivyo akiangalia kichupa cha damu.

Baada ya hapo mtego ukashushwa, Landrova ikaacha kuja. Homa ikaisha, vipele vikapukutika. Kilichobaki ni vidole. Asubuhi mama aliamka navyo vimekaza, anavichovya kwenye maji ya moto, anavinyoosha kimoja kimoja akiuma meno. Alijaribu kusuka. Nilimwona akichukua ule ukili wangu wa harusi, akashika majani mawili, likamponyoka moja, akaliokota, likamponyoka tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama akiangalia vidole vyake anaposuka. Aliviangalia kwa muda mrefu, halafu akauviringisha ule ukili, akaufunga kwa kamba, akanipa niuweke darini, na harusi nayo ikangoja. Watu wa Mtwara walikuja kuulizia mikeka yao, tukawarudisha mikono mitupu. Mimi nikaanza kukaanga vitumbua na kuviuza mlangoni. Vitumbua vyangu vilikuwa vibaya, lakini watu walinunua kwa kutuonea huruma, nami niliwachukia kwa huruma hiyo.

Hospitali walituambia tushukuru Mungu, ugonjwa huu hauui. Neno hilo, "hauui," nililisikia kila mahali mwaka ule. Hauui, kwa hiyo kaa kimya. Hauui, kwa hiyo hujadhulumiwa. Mtu aliyekuwa analisha nyumba kwa vidole kumi, akabaki hawezi kushika kikombe, unamwambia nini? Ashukuru kwamba anakaa hai kukitazama kikombe? Nikawa najibizana na wauguzi, mama akaniomba nisimfuate tena hospitali.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, Landrova ilirudi. Safari hii Bwana Mbu hakuwa peke yake. Aliandamana na mkubwa wake kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mwenye sauti ya mkutanoni, kalamu mbili mfukoni. Tukawakaribisha barazani. Mkubwa alikuwa na furaha. Alimkabidhi mama zawadi iliyofungwa kwa karatasi na uzi, nikaifungua mimi kwa vile mama hakuweza fundo. Kilikuwa chandarua. Bwana Mbu mwenyewe alitufundisha kwamba mbu wale wanauma mchana! Tukivae tukipika?

"Mama," mkubwa akasema, "nyumba yako imefanya kazi kubwa kwa taifa. Mbu wa uani hapa ndio waliotuonyesha kile kijidudu kabla ya mahali pengine popote. Mitego ya miji mingine ilichelewa. Hapa kwako tulijua mapema kabisa, kabla hata ya mgonjwa wa kwanza!"

Aliyasema kwa kujivunia, na akatutazama akingoja nasi tujivunie.

Mama alikuwa ameficha mikono chini ya kanga. "Mgonjwa wa kwanza ni mimi," akasema.

Mkubwa alikuwa bado anatabasamu, kwa kuwa hakuwa ameelewa. Kisha tabasamu likaanza kumpungua kidogo kidogo.

"Mlijua kabla yangu?"

"Mama, taratibu ni kwamba majibu yapelekwe juu kwanza, yathibitishwe, ndipo itoke amri. Hatuwezi kukimbilia kutia watu hofu."

"Hofu," mama akasema. Akatoa mikono yake akaiweka mapajani, viganja juu, vidole vimepinda haviwezi kufunguka wala kufumba. "Mimi sasa nimetiwa nini?"

Mama akamgeukia Bwana Mbu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilitamani ipande.

"Na wewe, mwanangu. Zile soksi."

Bwana Mbu alikuwa anatazama chini. "Nilikatazwa kusema, mama."

"Kuvaa hukukatazwa."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilisimama nikawatukana. Niliwaambia wametufanya chambo, wametuvua, wametuacha. Nilimuuliza yule kijana kama mama yake mwenyewe angeketi pale angemwambia ahsante kwa kutofukiza. Nilimwambia mkubwa akirudishe chandarua chake akamfunikie mkewe mchana kweupe. Majirani walitokeza vichwa juu ya ua. Niliambiwa baadaye kwamba nilikosa adabu mbele ya wageni. Nilikosa, na nikirudishwa pale leo nitakosa tena.

Mama aliniacha nikaishiwa pumzi ndipo akanionyesha kwa kidevu niketi.

Mkubwa alijikohoza. Ana haya au hana, sijui, lakini kazi yake hakuisahau. Akasema kwamba msimu unakuja, na nyumba hii imeonekana kuwa na thamani kubwa, na wangeomba kwa hisani ya mama watundike mtego tena. Mtego ulikuwa garini tayari.

Nilifikiri mama atawafukuza. Hakuwafukuza.

"Leteni," akasema. "Chombo hakijanikosea. Kilijua, kikawaambia. Tundikeni, ila jibu likipatikana liletwe hapa siku hiyo hiyo, kabla halijakwenda huko juu, niwaambie watu wafunike mitungi yao. Hilo tu."

"Hilo haliwezekani, mama," mkubwa akasema. "Ni lazima lipitie ngazi."

"Haliwezekani?"

"Taratibu haziruhusu."

"Haya," mama akasema.

Bwana Mbu akauleta mtego. Msumari ulikuwa bado pale pale. Akautundika, akanyoosha mfuko, akaunganisha betri, feni ikaanza kuvuma. Aliposhuka kwenye kinu akapangusa mikono, na nadhani ni mazoea tu, maana hata yeye alionekana kujutia kabla hajamaliza kusema, "Na mama, ule udi, kama mara ile—"

"Mwanangu," mama akaniita, "kilete chetezo."

Kilikuwa juu ya kabati tangu mwaka ule, maana vidole vyake havikukiweza tena, kimefanya vumbi. Nikakifuta kwa kanga yangu, nikatia makaa kutoka jikoni, nikamletea na kikopo cha udi. Alitaka kuuchukua mwenyewe, ukaanguka, akanipa ishara niokote nitie mimi. Nikatia. Moshi ukapanda, mweupe, wenye harufu ambayo nyumba yetu ilikuwa imeikosa muda wote ule, na nikaona mama anafumba macho.

"Kiweke pale," akasema.

Nikakiweka chini kabisa ya ule mfuko mweupe. Feni ikauvuta moshi, ikautema upande wa pili, usoni kwa wageni. Mkubwa akaanza kukohoa, akatafuta leso mifukoni. Bwana Mbu hakusogea. Alisimama kwenye moshi macho yanamtoka machozi, na sikutaka kujua ni ya moshi au ni ya nini.

"Wageni wetu hao," mama akasema. "Ongeza makumbi."

Nikaongeza.